Kutuma mafaili na picha za mgonjwa kutoka hospitali moja hadi nyingine: mwongozo kamili kwa vituo vya Lubumbashi

Kati ya Kolwezi na Lubumbashi kuna kilomita zipatazo 300, na mgonjwa anayehamishwa huzipita njia nzima akiwa na bahasha ya kaki mapajani. Mara filamu zimekunjika, mara karatasi ya majibu imelowa mvua, mara ndugu wa mgonjwa ameisahau bahasha nyumbani kwa haraka ya kuwahi gari. Daktari anayempokea hubaki bila njia isipokuwa kuagiza picha upya, na familia iliyokwisha kuuza mahindi yake ili kulipa skana ya kwanza (picha za CT, zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande) hutafuta fedha za ya pili. Mionzi nayo huingia mwilini mara mbili: skana moja ya tumbo humpa mtu takriban milisiviti 8 hadi 10, kiasi ambacho mazingira ya asili humpa kwa muda wa miaka mitatu au zaidi.

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye vyumba vya radio, yaani eksirei, na baadaye kwenye kompyuta za hospitali, na mwongozo huu nauandikia wenzangu: mafundi wa radiolojia, wauguzi wa mapokezi, madaktari wakuu wa vituo na wale vijana wa informatiki wanaoitwa kila kitu kinapokwama. Nimeupanga kwa utaratibu ambao ningependa kila kituo kiufuate. Utambulisho wa mgonjwa huja kwanza, faili la picha lifuate, na ununuzi wa mashine uwe baadaye. Vituo vingi huanza na ununuzi, na hapo ndipo fedha hupotea.

Hatua ya kwanza: mgonjwa mmoja, namba moja

Katika hospitali moja niliyowahi kuitumikia, picha za kifua za wagonjwa wawili walioitwa Ilunga, waliopigwa radio asubuhi moja, zilibadilishana. Mmoja alikuwa na kifua kikuu, mwingine alikuwa amekuja kwa uchunguzi wa kuanza kazi mgodini. Tuligundua jioni, kwa sababu daktari aliona kivuli cha matiti kwenye picha iliyobeba jina la mwanamume. Kama wote wawili wangekuwa wanaume, sijui tungegundua lini. Tangu siku hiyo sikubali kuunganisha mtandao wowote kabla ya kuona daftari la namba za wagonjwa.

Majina yetu yana ugumu wake. Tangu 1972 kila Mkongomani huandikwa jina, kisha lile la pili ambalo vitambulisho huliita postnom, na wengi wana jina la ubatizo juu yake. Mashine zilizotengenezwa ng'ambo hutarajia jina la ukoo na jina la mtu tu, kwa hiyo karani mmoja ataandika Kabwe Ilunga, mwenzake ataandika Ilunga Kabwe, na kompyuta itawahesabu kuwa watu wawili. Ongezea mapacha: kwa Waluba wa Katanga mmoja ni Kyungu na mwenzake ni Kabange, wenye baba mmoja, anwani moja na tarehe moja ya kuzaliwa. Mashine yenye nafasi finyu ikikata mwisho wa jina refu, tofauti pekee iliyokuwapo kati yao hupotea.

Basi toeni namba ambayo haitegemei jina wala simu. Namba ya simu haifai, kwa kuwa watu hubadilisha kadi na familia nzima inaweza kutumia simu ya mama mmoja. Namba nzuri ina herufi chache za kituo, mwaka wa kufunguliwa kwa faili, tarakimu za mfuatano, na mwishoni tarakimu moja ya uhakiki inayopatikana kwa kuzipigia hesabu zile zilizotangulia. Karani akikosea tarakimu moja, hesabu haikubali na programu humkatalia papo hapo. Iandikeni kwenye kadi ngumu ambayo mgonjwa huondoka nayo, na juu ya karatasi ya kila ombi la kipimo. Kwa jina, wekeni kanuni moja iliyobandikwa ukutani pa mapokezi: jina katika nafasi ya kwanza, jina la ubatizo katika ya pili, postnom katika ya tatu. Mzee asiyejua siku aliyozaliwa aandikwe tarehe 1 Januari ya mwaka anaoukisia, na pawe na alama inayoonyesha kwamba ni makisio, ili hospitali nyingine isiichukue tarehe hiyo kuwa ushahidi.

Kituo kinachotoa namba lazima pia kijitaje. Namba 4317 ya hospitali ya Likasi si namba 4317 ya hospitali ya Kamalondo, na kiwango cha picha (kanuni ya pamoja ya kuandika mafaili ya picha) nitakachokieleza hapa chini kina nafasi maalumu ya kuandika nani aliyeitoa namba. Ijazeni.

Hatua ya pili: kulijua faili la picha

Mashine ya kisasa ya radio, skana au ekografia (ultrasound) haitoi filamu kwanza. Hutoa faili la kiwango kiitwacho DICOM, ambacho madaktari wa radiolojia na watengenezaji wa vifaa wa Marekani walianza kukitunga katika miaka ya 1980, na ambacho kilipata umbo lake la sasa mwaka 1993. Ndani ya faili hilo kuna picha yenyewe pamoja na orodha ndefu ya maelezo: jina, namba, jinsia, tarehe iliyoandikwa kwa tarakimu nane kuanzia mwaka, aina ya mashine, unene wa kila kipande cha skana, ukubwa wa kila pikseli (nukta ndogo inayounda picha) kwa milimita, na namba ndefu ya kipekee ambayo haifanani na ya uchunguzi mwingine wowote duniani. Picha na jina haviachani, jambo ambalo bahasha ya kaki haiwezi kulihakikisha.

Tofauti kati ya faili hilo na picha iliyopigwa kwa simu inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu kila siku naona madaktari wazuri wakiamua mambo makubwa kwa kutazama picha ya WhatsApp. Picha ya kawaida ya simu hubeba ngazi 256 za kijivu. Faili la radio au skana kwa kawaida lina ngazi 4096 au zaidi. Jicho haliwezi kuziona zote kwa mara moja, ndiyo maana msomaji huchagua anachotaka kuona: huzungusha kipimo ili mapafu yaonekane, kisha hukizungusha tena ili mfupa uonekane, katika uchunguzi uleule. Anayepiga picha skrini kwa simu amekwisha kumchagulia mwenzake mwonekano mmoja na kutupa mingine yote. Vipimo navyo hupotea, kwani kwenye faili asili unaweza kupima uvimbe kwa milimita, ilhali kwenye picha ya simu hakuna anayejua milimita moja ni pikseli ngapi.

Hata hivyo najua kwamba kuna vituo ambavyo bado vina filamu tu. Kwao nasema: iwekeni filamu kwenye kisanduku chenye mwanga, zimeni taa za chumba na mwanga wa simu, shikeni simu sambamba na filamu, pigeni filamu nzima hadi pembe zenye jina na alama ya kulia au kushoto, kisha pigeni sehemu yenye shaka kwa karibu, mkiwa mmeweka rula pembeni. Itumeni kama hati, si kama picha, kwa kuwa programu za ujumbe hupunguza ubora wa picha ili kuokoa mega. Na mwandikieni mpokeaji waziwazi kwamba hii ni picha ya filamu. Inatosha kuonyesha mfupa wa paja uliovunjika na kuhama. Haitoshi kukataa kuwapo kwa hewa kidogo iliyovuja pembeni mwa pafu.

Hatua ya tatu: hazina ya picha

Mahali mafaili haya yanapotunzwa na kutafutwa mafundi hupaita PACS. Mimi hupaita hazina ya picha. Kuna hazina za kuuzwa kwa bei kubwa, na kuna Orthanc, programu huria isiyolipiwa, iliyoanza kutolewa mwaka 2012 katika hospitali ya chuo kikuu cha Liège, Ubelgiji. Kwa kituo chenye mashine moja au mbili, Orthanc kwenye kompyuta ya kawaida yenye gigabaiti 8 za kumbukumbu inatosha, na kwa kusomea picha Weasis, ambayo nayo ni huria, inafanya kazi vizuri.

Pigeni hesabu ya nafasi kabla ya kununua diski. Radio moja ya kifua huchukua takriban megabaiti 10. Kipande kimoja cha skana, chenye pikseli 512 kwa 512, ni nusu megabaiti, kwa hiyo skana ya vipande 400 ni megabaiti 200. Kituo kinachopiga radio 30 na skana 6 kwa siku hujaza takriban gigabaiti 1.5, na kwa siku 300 za kazi hizo ni gigabaiti 450 kwa mwaka. Diski mbili za terabaiti 4, kila moja ikiwa nakala ya nyingine, zitawatosha kwa miaka kadhaa.

Hatua ya nne: kuunganisha mashine na hazina

Unganisheni kwa kebo, si kwa mawimbi ya wifi. Kila mashine inahitaji mambo matatu ili izungumze na hazina: jina lake la mtandaoni, anwani yake ya mtandao na namba ya mlango (port). Jina hilo halizidi herufi 16, na herufi kubwa na ndogo zinahesabiwa kuwa tofauti. Nimeshuhudia fundi akitafuta kosa kwa siku mbili, na kosa lilikuwa herufi moja ndogo. Orthanc husikiliza kwenye mlango 4242 kwa picha na 8042 kwa kivinjari, isipokuwa mkiibadilisha. Anwani ziwe za kudumu, zisizotolewa upya na ruta kila umeme unaporudi.

Anzeni kwa jaribio la mwito: mashine huita, hazina hujibu. Likifaulu, tumeni picha moja ya majaribio, kisha linganisheni jina, namba na upande wa kulia na kushoto. Baada ya hapo washeni orodha ya kazi, ambayo ndiyo faida kubwa kuliko zote za hatua hii: mapokezi huandika mgonjwa mara moja, na jina lake huonekana lenyewe kwenye mashine ya radio, ambapo fundi hugusa tu na kuanza. Fundi asiyeandika jina upya hawezi kulikosea. Mkataba wa kununua mashine mpya utaje wazi kwamba huduma ya kutuma picha na huduma ya orodha ya kazi zimelipiwa, kwa kuwa baadhi ya wauzaji huzifunga na kudai fedha nyingine baadaye.

Hatua ya tano: kutuma nje ya kuta za hospitali

Kosa la hatari kuliko yote ni kufungua mlango wa hazina moja kwa moja kwenye intaneti ili daktari aliye mbali aone. Lugha ya DICOM ikiachwa jinsi ilivyo husafiri wazi, bila kufichwa. Mwaka 2019 kampuni moja ya usalama ya Ujerumani ilitafuta hazina za namna hiyo na kukuta mamia yake, katika nchi nyingi, zikiwa wazi kwa yeyote, pamoja na majina ya wagonjwa. Kwa hiyo badilisheni neno la siri linalokuja na programu, na ujengeni mfereji wa siri wa mtandao kati ya vituo viwili, ule unaoitwa VPN, ili kila kitu kinachopita kiwe kimesimbwa. Orthanc mbili zinaweza kutumiana kupitia mfereji huo, na kuna nyongeza yake inayokata uchunguzi mkubwa vipande vidogo na kurudia kile kilichokatika tu. Kwa mtandao wetu unaoyumba, nyongeza hiyo ina thamani kuliko kompyuta yenye nguvu.

Muda nao upigiwe hesabu. Kasi inayotangazwa na wauza intaneti ni ya kupokea, na ya kutuma mara nyingi ni ndogo zaidi. Ipimeni wenyewe saa nne asubuhi, si usiku wa manane. Tuseme ni megabiti 2 kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo radio ya megabaiti 10 ni megabiti 80, hivyo itakwenda kwa sekunde 40. Skana ya megabaiti 200 ni megabiti 1600, nayo itachukua zaidi ya dakika 13. Mkiibana kwa njia isiyopoteza chochote, ukubwa hupungua hadi takriban nusu na muda vilevile. Ubanaji unaopoteza sehemu ya picha msiutumie kwa picha za kusomewa. Kwa mgonjwa aliyepata ajali huko Kasumbalesa, tumeni skana angali ndani ya ambulansi, na daktari wa upasuaji wa Lubumbashi atakuwa ameisoma kabla gari halijaingia getini.

Pale ambapo hakuna mfereji, faili lifungwe kwa programu ya kubana yenye usimbaji wa AES wa biti 256, na neno la siri lipelekwe kwa njia nyingine kabisa: faili kwa barua pepe, neno la siri kwa kupiga simu. Kuyatuma yote mawili katika ujumbe mmoja ni sawa na kufunga mlango na kuuachia ufunguo kwenye kitasa.

Hatua ya sita: maandishi yanayofuatana na picha

Picha bila historia humlazimisha msomaji kukisia. Tengenezeni muhtasari wa ukurasa mmoja: sababu ya kumhamisha, magonjwa aliyo nayo, dawa anazomeza pamoja na vipimo vyake, mzio, ujauzito kama upo, matokeo ya maabara na tarehe zake, na swali mnalotaka lijibiwe. Swali hilo ni la lazima. "Tafadhali tazameni" halimsaidii mtu, "je, damu hii ndani ya fuvu inahitaji upasuaji usiku huu?" linamwelekeza.

Jihadharini na vipimo vya maabara. Wagonjwa wetu wengi huvuka kwenda Zambia au Afrika Kusini, na wengine hufika India. Hapa kreatinini, kipimo cha figo, huandikwa kwa miligramu katika desilita, kule Zambia na Afrika Kusini kwa maikromoli katika lita, na 1 ya hapa ni takriban 88 ya kule. Sukari ya 126 hapa ni 7 kule. Namba isiyo na kipimo chake pembeni msiitume kamwe. Tarehe nayo iandikwe mwezi kwa jina, maana 03/04 inasomwa namna mbili. Na muhtasari wa Kifaransa uende pamoja na tafsiri ya Kiingereza iliyopitiwa na daktari, si ile iliyotolewa na kompyuta peke yake.

Hospitali inayotumia programu ya mafaili ya wagonjwa, kama OpenMRS, iulize kama programu hiyo inazungumza FHIR. Hicho ni kiwango cha shirika la HL7 kilichotolewa kwanza mwaka 2014, ambacho hugawa habari za mgonjwa katika vipande vinavyoeleweka na kila programu: mgonjwa, kipimo, dawa, mzio. Wengine hunijibu kwamba tayari wana DHIS2. DHIS2 tunaitumia kupeleka takwimu za zona ya afya, wagonjwa wangapi wa malaria, watoto wangapi waliozaliwa, na kwa kazi hiyo inafaa. Faili la mama fulani na skana yake halimo humo.

Hatua ya saba: ridhaa na siri

Kifungu cha 73 cha kitabu cha pili cha Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu humwadhibu mtu atoaye siri aliyoipata kwa kazi yake, na Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 ina sehemu nzima kuhusu data za watu. Lakini hata pasingekuwa na sheria, mgonjwa ana haki ya kuambiwa. Muuguzi aseme kwa Kiswahili cha mjini, ambamo munganga ni daktari, si kwa Kifaransa cha fomu: "Mama, tunataka kumutumia munganga wa Lusaka hii picha yako aiangalie. Ataona jina lako na ugonjwa wako. Unakubali?" Jibu liandikwe, pamoja na jina la aliyeuliza.

Picha ikienda kwa mafunzo au kwenye kundi la madaktari, jina lifutwe. Kufuta maelezo ya faili pekee hakutoshi kwa ekografia, kwani mashine nyingi huandika jina juu ya picha yenyewe. Hapo panapaswa kufunikwa kwa rangi nyeusi. Skana ya kichwa nayo inaweza kujengwa upya hadi uso wa mtu utambulike. Makundi ya WhatsApp ya madaktari yameokoa watu, sitaki kuyadharau, ila simu ya daktari hushikwa pia na watoto wake, na picha zikijihifadhi zenyewe hukaa kando ya picha za harusi. Zimeni uhifadhi huo leo.

Kila mtumiaji wa hazina awe na jina na neno lake la siri, na daftari la kompyuta lionyeshe nani alifungua faili gani na saa ngapi. Akaunti moja ya "radio" inayotumiwa na watu kumi hufanya daftari hilo kuwa bure.

Hatua ya nane: umeme na nakala

Kisanduku cha betri kinachowekwa chini ya seva (kompyuta yenye hazina) kazi yake ni kuipa muda wa kujizima vizuri. Si cha kufanyia kazi saa tatu. Umeme ukikatwa ghafla wakati hazina inaandika, orodha yake inaweza kuharibika hata kama picha ni nzima. Kwa kazi ya kuendelea, seva, ruta na kompyuta ya mapokezi ziwekwe kwenye betri kubwa na paneli za jua, zikitenganishwa na mashine za radio zinazovuta umeme mwingi. Kuanzia Novemba hadi mvua zinapokoma mwezi wa Machi au Aprili, radi za Katanga huunguza vifaa, kwa hiyo waya wa ardhi ukaguliwe Oktoba.

Nakala ziwe tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya jengo. Kila mwezi chagueni mgonjwa mmoja bila kupanga na mrudishe picha zake kutoka kwenye nakala ya nje hadi zionekane kwenye skrini.

Hatua ya tisa: jibu lirudi

Hospitali nyingi hujua kutuma, lakini jibu hubaki kwenye simu ya daktari aliyeuliza, naye akihamishwa kwenda Kipushi jibu huondoka naye. Ripoti ya msomaji iingizwe kwenye faili la mgonjwa kwa namba ileile, ikiwa na jina la msomaji, saa aliyosoma, na kama alitazama faili asili au picha ya filamu. Jibu la dharura, kama damu ndani ya fuvu au mimba iliyotunga nje ya mji wa uzazi, lipigiwe simu kwanza. Anayepokea simu alirudie jibu kwa sauti, pamoja na namba ya mgonjwa tarakimu moja moja, kisha aandike saa na jina la aliyempigia kabla hajakata.